Kasha la Mama na Haki Iliyomo Ndani Yake

Katika nyumba nyingi za kale za mwambao wetu, kutoka Vanga hadi Kiunga, hakukosekani kasha lililosukumwa pembeni. Pengine limewekwa chini ya ngazi, na juu yake pana gunia la mkaa na makopo ya rangi. Miguu yake imeliwa na mchwa, misumari yake ya shaba imekuwa myeusi, na ufunguo wake haujulikani ulipo. Watoto wa nyumba hulipita kila siku pasi na kuuliza ni la nani. Kisha siku moja hubisha hodi mnunuzi wa vitu vya kale, akatoa noti chache, na kasha likatoka mlangoni juu ya mkokoteni. Jioni yake dada mmoja aliyeolewa mji mwingine hupiga simu na kuuliza, "Kasha la mama liko wapi?" Hapo ndipo udugu huanza kuingia ufa.

Makala haya ya juma hili yanahusu kasha hilo: namna familia inavyoweza kulitengeneza upya nyumbani kwa mikono yake, na mambo ya sheria yapasayo kutangulizwa kabla ya mtu kushika brashi. Tumeyaweka mambo haya mawili pamoja kwa makusudi. Kasha la mwambao halikuwa pambo la sebule. Lilikuwa mahali pa mali ya mwanamke, na ufunguo wake ulikuwa mkononi mwake mwenyewe.

Asili ya kasha na kazi yake

Wageni kutoka Ulaya walizoea kuyaita makasha haya kwa jina la Zanzibar, kwa kuwa huko ndiko walikoyaona kwa wingi. Lakini mengi katika yale ya kale yalitengenezwa India ya magharibi, katika miji kama vile Surat na Bombay, yakaja kwa majahazi ya kaskazi pamoja na nguo, mchele na vyombo. Mbao zake zilikuwa za msaji au mbao nyingine nzito nyekundu za India. Baadaye mafundi wa Lamu, Mombasa na Unguja nao wakayatengeneza kwa mbao zilizopatikana kwao, kama vile mvule na mbambakofi. Katika karne ya 19, biashara ya Bahari ya Hindi ilipopanuka, makasha haya yalienea katika nyumba za waungwana wa mwambao wote.

Mama na nyanya zetu waliweka humo nguo za arusi, leso mpya zisizokatwa, dhahabu, udi, hati za nyumba na za shamba. Na wengi wao waliweka humo sanda yao, wakiwa wameikunja tayari kwa safari isiyokuwa na marejeo. Ndani, upande mmoja, mara nyingi pana kijisanduku chenye kifuniko chake, na makasha mengine yana droo za siri zisizoonekana ila kwa mwenye kuzijua. Kasha lilikuwa ushahidi wa jambo ambalo dini yetu ililithibitisha tangu mwanzo: mwanamke ana mali yake mwenyewe. Mahari ni yake, si ya baba yake wala ya mumewe. Alichorithi ni chake. Alichochuma ni chake. Mama wa Waumini Bi Zaynab binti Jahsh (r.a.) alikuwa akifanya kazi ya ngozi kwa mikono yake na kutoa sadaka katika pato lake, na hakuna aliyemuuliza ametoa mali ya nani.

Basi mwenye kulihuisha kasha la mama yake, na alihuishe haki hiyo pia. Ikiwa tutaling'arisha shaba yake ilhali tumemdhulumu dada yetu hisa yake, tutakuwa tumesafisha ganda na kulitupa tunda.

Swali la kwanza: ni la nani?

Mwenye kasha akiwa hai, jawabu ni jepesi: ni lake, na haliguswi bila ya idhini yake hata kama lina vumbi la miaka 30. Wako wana ambao hutaka kumfurahisha mama kwa kumpakia kasha lake rangi mpya hali ya kuwa yeye hakuombwa ruhusa. Nia ni njema, lakini mali ni ya mwenyewe.

Mwenyewe akiwa amefariki, kasha huingia katika mali ya urithi sawa na nyumba na shamba. Hulipwa kwanza gharama za mazishi na madeni, kisha hutekelezwa wasia usiozidi thuluthi ya mali, na kilichobaki hugawiwa warithi kwa hisa zilizotajwa katika Surat An-Nisaa. Wengi hugawa nyumba kwa makini, kisha huviacha vyombo vya ndani achukue mwenye kuwahi. Hili si sawa. Sheria haikutofautisha kati ya kikubwa na kidogo.

Tutoe mfano. Mwanamke mjane amefariki, wazazi wake wametangulia, na ameacha wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Kila mwana ana hisa 2 na kila binti hisa 1. Jumla ni hisa 7. Tuchukulie kwamba kasha limethaminiwa kuwa shilingi 70,000. Kila mwana ana haki ya 20,000 na kila binti ana haki ya 10,000. Binti mmojawapo akitaka kasha libaki kwake, atawafidia wenzake 60,000, au zitapunguzwa katika hisa yake ya mali nyingine, au wenzake watamsamehe kwa ridhaa yao. Njia zote tatu ni halali. Isiyokuwa halali ni ile ya kaka mkubwa kulibeba usiku kwa hoja kwamba wanawake hawana haja nalo.

Tunaomba mambo manne yazingatiwe hapa. Kwanza, kunyamaza kwa dada kwa ajili ya haya au kwa kumwogopa kaka yake kusichukuliwe kuwa ni ridhaa. Aulizwe kwa upole, naye apewe muda wa kujibu. Pili, mtoto yatima asiyebaleghe hawezi kusamehe hisa yake, na walii wake hana ruhusa ya kumsamehea. Tatu, kinachopatikana ndani ya kasha wakati wa kulisafisha, kiwe pete, kiwe sarafu, iwe hati, si cha aliyekiona. Hicho nacho ni mali ya warithi wote. Nne, maneno ya mama kwamba "nikifa kasha hili ni la fulani" ni wasia kwa mrithi, na wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wengine wakiuridhia. Mama anayetaka kumpa binti yake kasha, na ampe akiwa hai, amkabidhi na ufunguo wake mbele ya mashahidi. Na akumbuke kuwatendea usawa watoto wake katika vipawa, kwani Mtume (s.a.w.) alikataa kumshuhudilia Bashir alipotaka kumpa mwanawe mmoja, Nu'man, zawadi na kuwaacha wenzake.

Wakishakubaliana, na waandike. Mali bila daftari hupotea bila habari. Waandike kasha litakaa kwa nani, gharama za kulitengeneza atatoa nani, na nani aliyefidiwa kiasi gani. Wakitofautiana, Mahakama ya Kadhi ipo. Imetajwa katika kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010, na mirathi ya Waislamu ni katika mambo iliyopewa kuyaamua.

Kazi yenyewe

Imepokewa kwa Bi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) nyumbani kwake alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Basi asione haya mwanamume kukaa ukumbini na kasha la mama yake, wala mwanamke asidhani kazi hii ni ya seremala peke yake. Kanuni yake ni moja: fanya kidogo kadiri iwezekanavyo, na usiondoe ambacho huwezi kukirudisha.

Anza kwa kupiga picha za simu pande zote, nje na ndani, kabla ya kugusa chochote. Kila msumari unaodondoka utie katika chupa, na kila kipande cha ubao kitie katika mfuko kwa kuandika kimetoka wapi. Kisha liondoe kasha mahali penye unyevu, uliweke kivulini penye upepo, juu ya matofali. Usilianike juani. Ubao uliokaa na maji kwa miaka ukikaushwa ghafla hupasuka, na mpasuko huo hauzibiki. Liache majuma kadhaa likauke polepole.

Katika majuma hayo, tandika karatasi nyeusi chini yake. Matundu madogo ya wadudu wa mbao yanaweza kuwa ya zamani, na wadudu wake wamekwisha kufa. Lakini ukiona unga mpya umedondoka juu ya karatasi, jua kwamba wamo na wanakula. Nunua dawa ya wadudu wa mbao, uitie matunduni kwa sindano isiyotumika tena, ukiwa umevaa glavu na umefunga pua, na watoto wakiwa mbali. Njia za udongo zikionekana juu ya ubao au ukutani, hao ni mchwa, na dawa ya kasha peke yake haitoshi. Lazima watafutwe wanakotokea, ama sivyo watarudi.

Usafi huanza kwa brashi laini, kisha kitambaa kikavu, kisha kitambaa kilicholoweshwa maji ya sabuni kidogo na kukamuliwa sana. Usimwage maji. Uchafu wa miaka mia hauondoki kwa siku moja, na haraka haraka haina baraka.

Makasha mengi yamepakwa rangi ya mafuta, tabaka juu ya tabaka. Hapa tunatoa tahadhari kwa akina mama: rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto wadogo na mama wajawazito. Zisipigwe msasa zikiwa kavu, kwa kuwa vumbi lake huingia kifuani na kutua juu ya chakula. Zitolewe kwa dawa ya kulainisha rangi, nje ya nyumba, na maganda yake yakusanywe katika mfuko, yasifagiliwe uani wanakocheza watoto.

Tukija kwenye shaba, wengi huanza nayo kwa kuwa inapendeza macho, nayo ndiyo inayoharibiwa zaidi. Kwanza ijaribu kwa sumaku: shaba haivutwi, na kinachovutwa ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, alama ya matengenezo ya baadaye. Usiing'oe misumari wala mabamba. Ndimu na ukwaju waliotumia nyanya zetu husafisha kweli, lakini ukali wake ukipenya nyuma ya bamba hubaki pale, ukafanya ukoga wa kijani na kuutia ubao madoa. Kata karatasi ngumu kwa umbo la bamba, uizungushe ili ubao ufunikwe, tia ukwaju kidogo kwenye kitambaa, sugua kwa upole, kisha ufute papo hapo kwa kitambaa chenye maji na kingine kikavu. Wala usitafute mng'aro wa dukani. Kila msuguo hula shaba kidogo, na bamba la kasha ni jembamba. Nakshi iliyofutika hairudi.

Sehemu inayooza mwanzo ni ubao wa chini na miguu, kwa sababu hapo ndipo unyevu wa sakafu hupanda. Ubao wa chini uliooza unaweza kubadilishwa kwa mbao ya aina moja na unene mmoja, na ule wa zamani uwekwe kama kumbukumbu. Kwa viungo vilivyolegea, gundi ya mbao na kamba iliyokazwa usiku kucha hutosha mara nyingi. Msitie misumari ya chuma. Hewa yetu ya bahari ina chumvi. Chuma hushika kutu, kutu huvimba, nao ubao hupasuka na kufanya weusi pembezoni mwa msumari. Ikilazimu, tumieni skrubu za shaba, na tundu litobolewe kwanza.

Nyufa ndogo zisizibwe kwa saruji wala vijazio vinavyokauka kama jiwe. Ubao hupumua pamoja na misimu: huvimba wakati wa masika, hunywea wakati wa kaskazi. Ufa uliojazwa kitu kigumu hauna pa kufungia, na ubao utapasuka pengine. Chukua kibanzi chembamba cha mbao ya namna ile ile, ukitie gundi upande mmoja tu, ukiingize.

Mwisho ni kulipaka. Watu wengi hukimbilia msasa na vanishi nene. Tunawasihi wasifanye hivyo. Ule weusi laini uliopo juu ya ubao ni kazi ya mikono ya vizazi, na msasa huuondoa kwa dakika chache. Kinachofaa ni nta ya nyuki iliyoyeyushwa ndani ya chombo kilichowekwa juu ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Kisha, mbali kabisa na jiko, ikachanganywa na tapentaini kidogo mpaka iwe laini kama siagi. Ipakwe nyembamba kwa kitambaa, iachwe, kisha isuguliwe kwa kitambaa kikavu. Mafuta ya nazi yasitumike, kwa kuwa huchacha na kunasa vumbi. Na anayetumia mafuta ya kitani ajue kwamba vitambaa vyake vikirundikwa vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke, au vitiwe majini. Ndani ya kasha pasipakwe kitu, bali pafutwe na kupepewa, kisha patiwe karafuu au kafuri katika kijifuko, na moshi wa udi siku harufu ya tapentaini itakapokwisha kabisa.

Kuuza au kutouza

Si haramu kuuza kasha. Familia yenye dhiki, yenye mgonjwa au karo ya mtoto, haina lawama kuuza mali yake. Lakini na iuze kwa ridhaa ya warithi wote, kwa kuithamini kwanza kwa watu wawili au watatu wajuao, na si kwa bei ya mnunuzi wa mlangoni aliyeliona kwa jicho moja akalidharau kwa ulimi.

Tena kuna sheria ya nchi ambayo si wote waijuao. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale kila kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, isipokuwa kitabu na hati. Milango ya nakshi za Kiafrika au za mashariki, pamoja na fremu zake, iliyochongwa kabla ya mwaka 1946, nayo inalindwa. Vitu hivi havitolewi nje ya nchi bila kibali. Kwa hivyo jamaa aliye ng'ambo akiomba apelekewe kasha la nyanya, familia na ianze katika ofisi za Makumbusho, Fort Jesus au Lamu, kabla ya kutafuta chombo cha kulisafirisha. Hapo pia pana wataalamu wa kuuliza ikiwa kasha lina umri mkubwa na mkono wa nyumbani unaogopa kuligusa.

Faida isiyothaminiwa kwa shilingi

Familia inapokaa kuzunguka kasha, mambo husemwa ambayo hayasemwi wakati mwingine. Shangazi atakumbuka ni nani aliyelinunua. Binti atauliza kwa nini lina droo ya siri, naye ataambiwa kwamba nyanya yake alikuwa na mali yake na siri zake, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuufungua mfuniko huo ila yeye. Mvulana anayesikia hayo akiwa na miaka kumi, akishika chupa ya misumari, hatakuwa mwepesi wa kumnyima dada yake hisa yake atakapokuwa na miaka arobaini. Hilo ni somo la mirathi lisilohitaji ubao wa chaki.

Tunawanasihi ndugu zetu waanze juma hili kwa jambo dogo: liondoeni gunia la mkaa juu ya kasha, mlipanguse, kisha muulizane ni la nani. Ikiwa jawabu liko wazi, mshukuruni Allah na muanze kazi. Ikiwa haliko wazi, basi hapo ndipo penye kazi ya kwanza, nayo ina ujira mkubwa kuliko nta na shaba.

Tunamuomba Allah awarehemu mama na nyanya zetu waliotangulia, atujaalie kuzitunza amana zao, na atuepushe na kula mali ya ndugu zetu kwa batili. Wabillahi tawfiq.